Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani, msaidizi wa mazoezi ni wewe

Wiki mbili baada ya baba kuruhusiwa kutoka hospitali, mtaalamu wa fiziotherapia alibisha hodi nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Tulidhani ataanza moja kwa moja kumnyoosha mgonjwa mkono na mguu. Badala yake aliomba kiti, akakaa pembeni, akatuambia tuendelee na shughuli zetu kama siku zote.

Ilikuwa saa ya kumpeleka baba chooni. Mama alimshika mkono wa kulia, ule uliolegea, akauvuta. Mimi nikampitisha mikono kwapani nimwinue. Baba akakunja uso.

"Subirini kwanza," mtaalamu akasema. "Hilo bega linamuuma tangu lini?"

Lilikuwa linamuuma tangu wiki ya kwanza, nasi tulidhani ndivyo ugonjwa ulivyo. Kumbe tulikuwa tunamuumiza wenyewe, tena kwa mapenzi. Kiharusi kikilegeza misuli inayoshikilia bega, kiungo hicho hubaki bila ulinzi. Ukivuta mkono au kumnyanyua mgonjwa kwa makwapa, bega linaweza kuteguka kidogo kidogo, na maumivu yake yakamfanya akatae mazoezi kabisa.

Mimi naandika habari za afya. Hilo sikulijua.

Dakika 45, kisha siku tano

Mtaalamu alikuja mara mbili kwa wiki, kila mara kama dakika 45. Alianza kwa kupima presha, kisha akamuuliza baba mwenyewe, si sisi, anataka kuweza nini. Baba alijibu kwa shida, maneno yakitoka nusunusu: kwenda chooni bila kushikwa.

Hilo likawa lengo la mazoezi yote. Mtaalamu alikagua njia ya kutoka kitandani hadi chooni, akatoa kizulia kinachoteleza na akataka taa iwake usiku kucha.

Lakini alituonya kuwa ziara zake peke yake hazitatosha. Baada ya kiharusi, ubongo hujifunza upya kwa kurudia kitendo kilekile mara nyingi, kila siku. Siku tano zilizobaki zilikuwa juu yetu.

Nchini Marekani kazi hii imegawanywa rasmi. Mtaalamu humpima mgonjwa na kuandika mpango wa tiba. Msaidizi wake, aliyesoma chuo kwa takriban miaka miwili, akafaulu mtihani wa kitaifa na kupata leseni, ndiye anaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwafanyisha wagonjwa mazoezi. Msaidizi huyo habuni mpango wake. Akiona mgonjwa amebadilika, humrudia mtaalamu.

Hapa kwetu fiziotherapia inafundishwa, KCMC mjini Moshi ikiwa miongoni mwa sehemu zinazojulikana, lakini familia nyingi haziwezi kumpata wala kumlipa mtu wa kuja nyumbani kila siku. Nafasi ya msaidizi inaangukia kwa mke, mume, binti au dada wa kazi. Kwa hiyo sheria ya msaidizi ni yako pia: fuata ulichofundishwa, usibuni, na ukiona tofauti uliza.

Tuliyofundishwa

Kusimama. Mgonjwa asogee ukingoni mwa kiti, arudishe miguu nyuma kidogo, kisha ainame mbele kabla ya kunyanyuka. Sisi tulisimama upande dhaifu na kumshika kiunoni, kwenye mkanda. Hatukuvuta mkono tena.

Kutembea. Fimbo hushikwa kwa mkono wenye nguvu. Akipanda ngazi, mguu wenye nguvu hutangulia. Akishuka, mguu dhaifu hutangulia.

Kukaa na kulala. Mkono uliolegea usining'inie, uwekewe mto. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda.

Maji ya moto. Shangazi alikuwa akimkanda baba kila jioni. Mtaalamu alimweleza kwa upole kwamba upande uliopooza unaweza kukosa hisia, hivyo mgonjwa akaungua bila kujua. Kukanda pia hakuchukui nafasi ya mazoezi.

Kazi ngumu ni kusubiri

Kilichomshinda mama mwanzoni ni kukaa mbali. Alikuwa akimlisha baba, akimvalisha na kumfunga vifungo. Alipoambiwa amwache ajaribu, kifungo kimoja kilichukua dakika kadhaa. Ndugu waliokuja kumjulia hali waliona kama anamtelekeza, na mmoja alimwambia hivyo usoni. Mama alilia usiku ule.

Mtaalamu alipokuja tena aliwaita ndugu hao wakae wasikilize. Aliwaambia kila kitu tunachomfanyia mgonjwa wakati anaweza kukifanya mwenyewe, tumemnyima zoezi. Tangu hapo lawama zikapungua.

Watoto nao wana nafasi. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka saba, alipewa kazi ya kuhesabu. Babu akisimama na kukaa, yeye huhesabu kwa sauti hadi kumi. Siku babu akiishia sita, mtoto humwambia, "Babu, bado nne." Hakuna mkubwa aliyethubutu kumwambia hivyo.

Usisubiri siku ya ziara

Peleka mgonjwa hospitali mara moja ukiona uso umepinda ghafla, mkono au mguu umeishiwa nguvu upya, au maneno yamepotea. Fanya hivyo pia akipata maumivu ya kifua, akishindwa kupumua vizuri, akianguka na kugonga kichwa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Akipaliwa mara kwa mara anapokunywa maji, mwambie daktari mapema.

Na kabla ya kumlipa mtu anayejitangaza kuwa ni wa mazoezi, uliza amesomea wapi, ana leseni gani na mpango wa mgonjwa umeandikwa na nani. Anayekuja kukanda tu na kuondoka bila kuwafundisha lolote anawapotezea fedha.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, baba aliinuka kitandani, akachukua fimbo na kuanza safari ya chooni. Mama alikuwa koridoni. Alipompisha, niliona ameikunja mikono nyuma na kuishikilia kwa nguvu, asije akamshika.

Bega bado humuuma siku za baridi, na mkono wa kulia haujarudi sawasawa. Lakini chooni anakwenda mwenyewe, na mlango anafunga.