Nyumba kwa pauni moja: Je, wewe ungeinunua?

HEBU fikiria, msomaji, kwamba umeambiwa kuna nyumba ya matofali yenye vyumba viwili vya kulala katika jiji kubwa, na bei yake ni pauni moja tu. Huko Uingereza, pesa hizo ni nadra zikununulie hata kikombe cha chai mkahawani.

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wale wanaobishiwa mlango na mwenye nyumba kila mwanzo wa mwezi, bila shaka moyo umekwisha kukuruka. Lakini usiharakishe. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Nyumba hizo si hekaya. Mwaka wa 2013 Baraza la Jiji la Liverpool lilianza kwa majaribio kuuza nyumba 20 kwa pauni moja kila moja. Mwaka uo huo, Stoke-on-Trent, mji uliojipatia sifa kwa kutengeneza sahani na vikombe, ulitoa nyumba 35 katika mtaa wa Cobridge kwa bei hiyo hiyo.

Mbona zikose watu?

Mkazi wa jiji letu, aliyezoea kuona jamaa nzima ikibanana katika chumba kimoja, atashangaa kusikia kuna nyumba zisizo na wenyewe. Sababu ni kazi.

Liverpool ilikuwa bandari kuu, na mwaka wa 1931 ilikuwa na watu zaidi ya 800,000. Meli zilipopungua na viwanda vikafungwa, vijana walifunga mizigo. Kufikia mwaka wa 2001 waliosalia walikuwa 440,000 hivi. Stoke nayo ilipoteza migodi ya makaa ya mawe na viwanda vingi vya vyombo vya udongo.

Mtaa hufa polepole. Nyumba moja hupigiliwa mbao madirishani. Wezi huingia usiku na kung'oa mabomba ya shaba. Mvua hupenya paani na kulowesha ukuta wa jirani, kwani nyumba hizo zimeungana ukuta kwa ukuta. Jirani naye huhama. Mwenye duka hukosa wateja, akafunga. Hatimaye hakuna benki inayotaka kumkopesha mtu fedha za kununua nyumba hapo.

Isitoshe, si wote waliohama kwa hiari. Mwaka wa 2002 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kufufua mitaa ya aina hiyo, na mara nyingi dawa yake ilikuwa tingatinga. Mabaraza yalinunua nyumba, yakawahamisha watu, yakasubiri kubomoa. Serikali mpya iliyoingia mwaka wa 2010 ikakata fedha hizo. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka, na nyumba zikabaki magofu mikononi mwa mabaraza.

Hapo ndipo wazo la pauni moja lilipopata nguvu. Kubomoa kunagharimu, na kulinda nyumba tupu pia kunagharimu. Heri kumpa mtu atakayeitengeneza, aishi humo na alipe ushuru.

Masharti ndiyo bei

Huko Liverpool, mnunuzi alipaswa kuwa anaishi au anafanya kazi jijini, awe na ajira, na asiwe na nyumba nyingine. Ilimbidi aitengeneze hadi ifikie kiwango kilichowekwa, kisha akae humo kwa miaka mitano bila kuiuza wala kuipangisha. Lengo lilikuwa kuwazuia walanguzi.

Na matengenezo si mchezo. Fikiria paa jipya, sakafu, nyaya za umeme, mabomba, madirisha na kuta zilizoota ukungu. Gharama hupanda hadi makumi ya maelfu ya pauni. Baraza la Stoke lilitambua hilo mapema, likawapa wanunuzi mkopo wa hadi pauni 30,000 wa kulipwa kwa miaka 10. Kwa hivyo aliyenunua nyumba ya pauni moja aliingia mlangoni akiwa na deni begani.

Aidha, kuna malalamiko ya haki. Mtu asiye na kazi wala akiba, ambaye ndiye mhitaji hasa, hakuweza hata kuomba. Naye jirani aliyelipia nyumba yake bei kamili ana haki ya kuuliza kwa nini mgeni apewe kwa pauni moja. Na je, wale waliohamishwa ili nyumba zao zibomolewe, kisha wakaona zikigawiwa wengine?

Waliokataa kuhama

Hata hivyo, kuna funzo zuri katika mtaa wa Granby, Liverpool, uliokumbwa na ghasia za Toxteth mwaka wa 1981. Nyumba nyingi zilipobaki tupu, wakazi wachache walikataa kuondoka. Walifagia barabara, wakapanda maua mbele ya nyumba zilizofungwa na kuanzisha soko. Mwaka wa 2011 waliunda shirika lao la kumiliki ardhi kwa pamoja, wakapewa nyumba 10 na baraza.

Wasanifu wa kundi la Assemble waliofanya kazi nao walitunukiwa Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza, mwaka wa 2015. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Si Uingereza peke yake. Jiji la Baltimore, Marekani, lilianza kuuza nyumba kwa dola moja mwaka wa 1973. Nchini Italia, mji mdogo wa Sambuca katika kisiwa cha Sicilia ulitangaza nyumba za kuanzia euro moja mwaka wa 2019. Huko mnunuzi alitakiwa kuweka amana ya euro 5,000 na kumaliza matengenezo kwa miaka mitatu, la sivyo amana ipotee.

Kabla hujatia sahihi

Basi, msomaji, kama siku moja utaonyeshwa nyumba au ploti ya bei ya kutupa, popote pale, jiulize maswali haya: Kwa nini mwenyewe anaiacha? Itanigharimu kiasi gani hadi niweze kulala humo? Hati iko wapi, na ina masharti gani? Je, kuna kazi, shule na duka karibu?

Swali la mwisho ndilo zito zaidi. Liverpool na Stoke zilijifunza kwamba matofali peke yake hayafanyi mtaa. Watu huhama wakikosa riziki na usalama, na wakivipata hurudi. Baraza linaweza kukuuzia kuta kwa pauni moja. Majirani haliwezi kukuuzia.