Asteroidi si kimondo, na 'huenda' si 'itagonga'

IJUMAA ya Aprili 13, 2029, jiwe liitwalo Apophis litapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia. Upana wake ni takriban mita 340. Satelaiti nyingi zinazoturushia matangazo ya televisheni ziko mbali zaidi ya hapo, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Jiwe hilo litapita tu, halitatugonga. Lakini namna tutakavyoieleza habari hii kwa Kiswahili ndiyo itakayoamua iwapo watu watatoka nje kutazama au watajifungia ndani kwa hofu.

Tuanze na jina. Mara nyingi tunasoma na kusikia kila jiwe la angani likiitwa kimondo. Hapana. Kimondo ni gimba lililokwisha kuingia katika angahewa yetu, likawaka na kuonekana kama nyota inayoanguka. Hata likitua ardhini, jina huwa lilo hilo. Mfano ni Kimondo cha Mbozi kule kusini magharibi mwa Tanzania, pande la chuma la takriban tani 16. Asteroidi, kwa upande wake, ingali safarini ikilizunguka jua. Nyingi ziko kati ya Mirihi na Mshtarii, ila baadhi, kama Apophis, huja huku kwetu. Anayeandika kwamba 'kimondo kinakuja' amekwisha kuliangusha jiwe kabla halijaanguka.

Neno la pili ni 'karibu'. Wataalamu husema asteroidi ni ya karibu na dunia iwapo obiti yake, yaani njia yake ya kulizunguka jua, huifikisha chini ya kilomita milioni 195 kutoka kwenye jua. Dunia yenyewe iko umbali wa kilomita milioni 150. Kwa hivyo kinachokaribiana hapa ni njia, si lazima wasafiri. Barabara mbili zikikatana, magari hayagongani mpaka yafike makutanoni kwa wakati mmoja. Apophis hulizunguka jua kwa siku 324 hivi, nasi kwa siku 365. Ndiyo maana kwa miaka mingi hupishana nasi ikiwa mbali.

Sasa tuje kwenye neno lenye uzito zaidi: 'huenda'. Apophis iligunduliwa Juni 2004 katika kituo cha Kitt Peak, Marekani. Ilipoonekana tena Desemba, hesabu zilionyesha kwamba huenda ikaigonga dunia mwaka 2029. Kufikia Desemba 27, uwezekano huo ulikuwa umepanda hadi asilimia 2.7, yaani nafasi moja kati ya 37. Ulimwengu haukuiona sana habari hiyo, kwani tsunami ilikuwa imeikumba Bahari Hindi siku moja tu kabla, na mawimbi yake yakafika hadi pwani yetu. Kisha zikapatikana picha za jiwe hilo zilizopigwa Machi mwaka huohuo bila yeyote kulitambua. Hesabu zikarudiwa, na hatari ya 2029 ikafutika.

Je, wanasayansi walikuwa wamedanganya? La hasha. Tuseme simu yako imeibwa na inafuatiliwa kwa mitambo. Kwanza unaambiwa iko Nairobi. Halafu unaambiwa iko Eastlands, kisha Buruburu, mtaa anaoishi rafiki yako. Kadiri eneo linavyopungua, ndivyo shaka juu ya nyumba ya rafiki inavyozidi, ingawa yeye hajafanya lolote. Taarifa ya mwisho inapoonyesha nyumba nyingine kabisa, shaka yote inakwisha mara moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Apophis. Obiti yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kiasi cha tulichokijua.

Tatizo la 'huenda' ni kwamba halina kipimo. Asilimia 2.7 ni 'huenda', na asilimia 90 pia ni 'huenda'. Mwandishi akilitumia, basi na aliambatanishe na tarakimu. Akiligeuza likawa 'itagonga', amesema jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyelisema.

Lugha yetu ina kumbukumbu ya utata huu. Elimu ya nyota tunaiita falaki, neno la Kiarabu linalohusiana na njia za magimba ya mbinguni. Ila 'kupiga falaki' kwa Kiswahili ni kuagua, kubashiri ya kesho kwa kutazama nyota. Mpiga falaki hutaka tumwamini. Mwanafalaki hutoa hesabu yake ili ipimwe, na picha mpya ikija, huifuta na kuanza upya. Machi 2021, vipimo vya rada viliwawezesha wataalamu kuondoa hofu ya kugongwa na Apophis kwa angalau miaka 100.

Mgeni huyo hataondoka jinsi alivyokuja. Mvutano wa dunia utaipinda njia yake, na mzunguko wake mmoja utachukua zaidi ya siku 420. Ndiyo maana chombo cha Marekani kiitwacho OSIRIS-APEX kinaelekea huko kukichunguza kilichobadilika.

Kwa saa za Afrika Mashariki, Apophis itatukaribia zaidi saa sita na dakika 46 usiku wa kuamkia Jumamosi. Watu wa Ulaya, Afrika na sehemu za Asia wataweza kuiona bila darubini, kama nukta ya mwanga inayosogea polepole. Aprili ni msimu wa masika, kwa hivyo huenda mawingu yakatunyima tamasha hilo. Hiyo ndiyo 'huenda' ya kutuhangaisha usiku huo.