Ununue au Uendelee Kupanga? Hesabu ya Nyumba ya Halmashauri, Uingereza 1980

Tarehe 3 Oktoba 1980, mpangaji wa nyumba ya halmashauri nchini Uingereza aliamka na haki ambayo jana yake hakuwa nayo. Kama amepanga kwa miaka mitatu au zaidi, anaweza kuinunua nyumba anayoishi, na halmashauri haina ruhusa ya kumkatalia. Serikali ya Margaret Thatcher iliita haki hiyo Haki ya Kununua. Wakati huo halmashauri na mashirika ya umma yalimiliki nyumba karibu milioni 6 na nusu, na karibu theluthi moja ya kaya za nchi zilikuwa zimepanga humo: madereva wa mabasi, wauguzi, wachimba makaa, wajane wa vita. Kwa hiyo swali la kununua au kupanga liliingia katika jikoni nyingi mno kwa mwezi mmoja, na wengi walilijibu kwa kutazama kitu kimoja tu, yaani punguzo.

Punguzo lenyewe lilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Miaka mitatu ya upangaji ilikupa 33% ya bei ya soko. Kila mwaka uliozidi uliongeza 1%, hadi 50% kwa aliyepanga miaka 20. Hata miaka uliyokaa katika nyumba nyingine ya halmashauri ilihesabiwa. Masharti yalikuwepo: punguzo halikuruhusiwa kuvuka pauni 25,000, na ukiiuza nyumba kabla ya miaka mitano unalirudisha, lote ukiuza mwaka wa kwanza, kisha sehemu ya tano inasamehewa kila mwaka unaopita. Asiyepata mkopo wa kutosha aliweza kuweka amana ya pauni 100, na bei yake ikashikiliwa kwa miaka miwili. Kwa mtu wa kipato kidogo, sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa na manufaa kuliko yote, na ndilo lililozungumzwa kidogo kuliko yote.

Tupige hesabu. Nachukua mfano rahisi: nyumba iliyothaminiwa pauni 12,000, mpangaji wa miaka 20. Punguzo ni nusu, anabaki na deni la pauni 6,000. Riba ya mikopo ya nyumba katikati ya 1980 ilikuwa 15%. Mkopo wa miaka 25 kwa riba hiyo unadai kama pauni 928 kwa mwaka. Serikali ilikuwa inarudisha kodi ya mapato kwenye riba ya mkopo wa nyumba, kwa kiwango cha 30%, hivyo mwaka wa kwanza anapata nafuu ya pauni 270 hivi. Anabaki kulipa pauni 658, sawa na pauni 12 na peni 65 kwa wiki. Pango la wastani la nyumba ya halmashauri mwaka huo lilikuwa takriban pauni 8 kwa wiki.

Kwa hiyo aliyenunua Oktoba 1980 kwa kuambiwa kwamba mkopo ni nafuu kuliko pango alidanganywa. Alilipa zaidi ya pauni nne na nusu juu ya jirani yake kila wiki, na hapo bado hajalipa bima wala hajaita fundi wa paa. Zamani bomba likipasuka alikwenda ofisi ya halmashauri na kujaza fomu. Sasa bomba ni lake.

Lakini angalia kilichotokea baadaye. Serikali hiyo hiyo ilipunguza ruzuku iliyokuwa inazipa halmashauri kwa ajili ya nyumba, na halmashauri zikapandisha pango. Kufika 1982 wastani ulikuwa umevuka pauni 13 kwa wiki. Wakati huo huo riba ya mikopo ilishuka, ikapanda tena, na mwisho wa 1982 ikawa imeshuka hadi karibu 10%. Mnunuzi wetu wa pauni 6,000 sasa analipa kama pauni 9 na kidogo kwa wiki baada ya nafuu ya kodi. Miaka miwili tu na mizani imegeuka. Pango lilipandishwa kwa makusudi, na aliyebaki mpangaji alisukumwa kununua kutoka upande wa pili. Naona hilo halikuwa haki kwa wale ambao kipato chao hakikuweza kununua hata kwa nusu bei, kwa sababu wao ndio waliobeba pango jipya.

Ni haki pia kusema kwamba sheria ile ile ya 1980 iliyoleta Haki ya Kununua ilimpa mpangaji ulinzi ambao hakuwahi kuwa nao kisheria: hafukuzwi bila sababu inayokubalika kisheria mbele ya mahakama, na akifa, mwenzi wake au ndugu anayeishi naye anaweza kurithi upangaji. Nimewasikia watu wakisema asiyenunua hakupata kitu. Si kweli. Alipata nyumba ya maisha yake yote na mtu mwingine wa kukarabati paa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mnunuzi angepaswa kulitazama kabla ya punguzo, nalo ni mwaka ambao nyumba ilijengwa. Nyumba za halmashauri hazikuwa bidhaa moja. Zilitofautiana kama vitenge vya viwanda tofauti, na aliyejua kusoma pindo hakuuziwa kisichofaa.

Bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni za 1945 hadi 1951. Waziri aliyesimamia ujenzi alikuwa Aneurin Bevan, yule yule aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948. Vita ilikuwa imebomoa miji, mbao na matofali vilikuwa haba, watu walikuwa wanalala kwenye kambi za jeshi zilizoachwa, na bado Bevan alikataa kujenga nyumba ndogo. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala ilitakiwa isipungue futi za mraba 900, na nyingi zilizidi 1,000. Nyingi zikawa na choo cha pili chini. Walimlaumu kwa kuchelewa, na walikuwa na sababu, maana foleni ilikuwa ndefu. Ila mpangaji aliyepata nyumba ya Bevan, ya matofali, pacha iliyoshikana ukuta mmoja na jirani, na bustani ya viazi nyuma, mwaka 1980 alikuwa amekalia mali. Huyo ningemwambia anunue, hata kwa riba ya 15%.

Alipokuja Harold Macmillan kushika wizara ya nyumba mwaka 1951, chama chake kilikuwa kimeahidi nyumba 300,000 kwa mwaka. Ahadi ilitimia 1953, sehemu kwa kupunguza ukubwa. Ngazi nyembamba zaidi, ukumbi mdogo zaidi, choo cha pili kimeondolewa. Bado ni nyumba za matofali, bado zina ardhi. Nunua, lakini usilipe bei ya Bevan.

Halafu yako maghorofa. Sheria ya ruzuku ya 1956 iliilipa halmashauri zaidi kadiri jengo lilivyopanda juu, na miji ikapanda juu. Ndani, fleti nyingi za miaka ya 60 zilikuwa nzuri: kamati ya Parker Morris iliandika mwaka 1961 kwamba familia inahitaji nafasi ya kutosha, makabati na joto ndani ya nyumba, na mwaka 1969 vipimo vyake vikawa lazima kwa halmashauri. Aliyetoka nyumba yenye choo cha uani alipoingia fleti yenye maji moto ya bomba na bafu lake mwenyewe alikuwa na haki ya kulia kwa furaha. Tatizo lilikuwa nje ya fleti. Tarehe 16 Mei 1968, asubuhi, mkazi wa ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, Canning Town, aliwasha jiko la gesi ili ateleke chai. Gesi iliyokuwa imevuja ililipuka, ikasukuma ukuta, na kona nzima ya jengo la ghorofa 22 ikaporomoka kama karata. Watu wanne walikufa. Jengo lilikuwa na miezi miwili tu tangu kufunguliwa.

Mtu anayenunua fleti kwenye jengo la namna hiyo hanunui jengo. Ananunua haki ya kukaa ndani kwa miaka 125, na kila kinachoharibika nje ya mlango wake, lifti, paa, mabomba makuu, madirisha ya ngazi, anachangia. Halmashauri inabaki mmiliki, inaamua lini paa libadilishwe na nani alibadilishe, kisha inampelekea bili. Kwa mpangaji wa ghorofa ya 14 jibu langu lingekuwa moja: baki na pango lako. Serikali ilipoona fleti haziuziki, mwaka 1986 iliweka punguzo la 44% kwa kuanzia, hadi 70%. Bidhaa inayohitaji punguzo la 70% ili inunuliwe inataka kuulizwa maswali.

Na wapo walionunua kile kilichoonekana nyumba nzuri ya bustani, kumbe ni nyumba ya Airey. Mjenzi Edwin Airey wa Leeds alibuni baada ya vita nyumba iliyotengenezwa kiwandani: nguzo nyembamba za zege zenye bomba la chuma ndani, na vibao vya zege vilivyotungikwa juu yake vikipandana kama magamba ya samaki. Zilijengwa kama 26,000, nyingi vijijini. Unaweza kuitambua ukiwa barabarani, kwa ile mistari ya vibao. Mwanzoni mwa miaka ya 80 wataalamu walipochunguza wakakuta chuma kinapata kutu na nguzo zinapasuka. Wapangaji waliokwisha kununua walikuta wameshika karatasi: benki hazikopeshi, kwa hiyo hakuna wa kumuuzia. Jirani aliyebaki mpangaji alikuwa na nyumba mbovu ile ile, lakini ubovu ulikuwa wa halmashauri. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria ya kuwafidia, ruzuku ya 90% ya gharama za matengenezo kwa waliostahili. Nafurahi kwamba walifidiwa. Lakini hakuna mthamini aliyewaambia mapema, na punguzo lao lilikuwa limepigiwa hesabu juu ya nyumba ambayo benki ziliona haina thamani.

Kuna uamuzi mmoja zaidi uliowagharimu wengi, nao ni aina ya mkopo. Miaka ya 80 mawakala walipenda kuuza mkopo unaolipa riba tu, huku mteja akichangia bima ya akiba ambayo ingekomaa baada ya miaka 25 na kulipa deni zima. Wakala alipata kamisheni kwa bima. Bima nyingi zilipokomaa hazikutosha, na watu wakastaafu na deni. Mkopo wa kawaida, unaopunguza deni kidogo kidogo kila mwezi, ulionekana wa kizamani, na ndio uliokuwa salama.

Niliishi London Mashariki kwa muda, katika fleti ya ghorofa ya pili ambayo zamani ilikuwa ya halmashauri. Aliyeinunua kwa punguzo alikuwa ameshaiuza, na aliyenunua kwake alikuwa ameipangisha vyumba. Sisi tulikuwa wanne, kila mtu na kufuli lake mlangoni, hata sebule ilikuwa chumba cha mtu. Mlango wa kuingilia ulikuwa wa mbao nzito wenye kitasa cha shaba. Sisi wa pwani tunajua mlango unasema nani yumo ndani, na ule ulisema kwamba mtu fulani, mwaka fulani wa miaka ya 80, alitoka na mlango wa bluu wa halmashauri mkononi, akautupa, akasimama kuutazama wake mpya. Namwelewa kabisa. Mlango wa jirani yetu, bibi mmoja aliyefika hapo akiwa bibi harusi, ulikuwa bado wa bluu. Fleti zetu zilikuwa za ramani moja, madirisha mamoja, bomba moja la kutupia taka. Siku moja alinionyesha karatasi yake ya pango. Kwa fleti nzima alilipa pungufu ya nilicholipa mimi kwa chumba kimoja.

Scotland ilifuta Haki ya Kununua mwaka 2016, Wales mwaka 2019. England haki hiyo bado ipo, ingawa Novemba 2024 kikomo cha punguzo kilishushwa sana, sasa ni kati ya pauni 16,000 na 38,000 kutegemea eneo. Kuna wasomaji wa gazeti hili, au watoto wao, wanaopanga kwa halmashauri London, Birmingham au Leicester na wanaopiga hesabu hii leo. Kama ni nyumba yenye ardhi yake, mlete mthamini wako mwenyewe, siyo wa halmashauri, na umwambie aseme kuta ni za nini. Kama ni fleti, barua ya halmashauri ya kukutangazia bei inapaswa kuwa na makadirio ya ada za huduma na matengenezo makubwa kwa miaka mitano. Isome kabla ya kusoma bei. Ndani ya miaka hiyo mitano halmashauri imefungwa na makadirio yake, ikiongeza tu mfumuko wa bei. Nenda pia ukaangalie paa, na uulize majirani lifti ilibadilishwa lini, kwa sababu kuanzia mwaka wa sita kifungo hicho kinaisha. Kule Newquay, bibi wa miaka 93 aliletewa bili ya paa ya karibu pauni 50,000.