MBWA ANAPOSAFIRI, ASIRUDI NA UGONJWA

Mbwa wa kijijini hakai mahali pamoja. Asubuhi anafuata ng'ombe malishoni, siku ya soko anaandamana na mwenyewe, na jioni anazunguka kwa majirani. Wakati wa kiangazi wafugaji huhama naye mwendo wa siku nyingi. Mwezi wa Desemba nao watu wa mjini huja nyumbani na mbwa wao ndani ya gari. Kila wanapokutana, mbwa hunusana, hunywa maji pamoja na hupigana. Hapo ndipo ugonjwa unapohama.

Wengine husema, "Si ni mbwa tu, akifa nitatafuta mwingine." Maneno hayo si ya kweli. Ugonjwa anaoleta mbwa unaweza kumuua mtoto wako.

Magonjwa ya kujihadhari nayo

Kichaa cha mbwa. Huu ndio mbaya kuliko yote. Unapitia kwenye mate, hasa mbwa anapouma. Mbwa aliyeumwa anaweza kukaa majuma au hata miezi akionekana mzima, kisha abadilike: anauma ovyo, anatokwa na mate, sauti inageuka, hawezi kumeza. Karibu visa 99 kati ya kila 100 vya kichaa kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba.

Distempa. Huambukizwa kwa hewa, mbwa anapokohoa au kupiga chafya. Macho na pua hutoa uchafu, mbwa anahara, na baadaye anatetemeka na kuanguka kifafa. Haupati binadamu, lakini hupata wanyama wa porini. Mwaka wa 1994 ugonjwa huu uliua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti na ukafika mpaka Maasai Mara. Virusi vyake vilifanana na vile vya mbwa wa vijiji vya karibu.

Parvo. Huua watoto wa mbwa kwa siku chache tu. Wanatapika na kuhara damu yenye harufu kali. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, na hata viatu vyako vinaweza kuvileta nyumbani kutoka sokoni.

Ufanye nini kabla ya safari?

1. Chanja mapema. Usichanje leo ukasafiri kesho. Mbwa anayechanjwa kichaa mara ya kwanza apewe kama mwezi mmoja ili mwili upate nguvu ya kujikinga. Anzia miezi 3, halafu rudia kila mwaka.

2. Chanjo ya distempa na parvo huanza mbwa akiwa na majuma 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka afikishe majuma 16. Kabla ya hapo asipelekwe sokoni wala kwa mbwa wa watu.

3. Weka cheti cha chanjo vizuri. Ukivuka mpaka kwenda Uganda au Tanzania utakihitaji, pamoja na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali.

4. Mbwa akiwa anakohoa, anahara au amekataa chakula, abaki nyumbani.

Mkiwa njiani na mkirudi

Beba maji na chombo chake mwenyewe. Mfunge kamba penye mbwa wengi, na usimruhusu ale mizoga. Mkirudi, mtenge na watoto wa mbwa kwa juma moja au mawili huku ukimwangalia. Mahali palipokuwa na parvo, ondoa uchafu wote kwanza, kisha osha kwa sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 30 za maji.

Mtu akiumwa je?

Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usipake majani, mafuta wala kinyesi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na umalize sindano zote. Mbwa asiuawe ovyo. Kama inawezekana bila hatari, afungwe na daktari wa mifugo aarifiwe ili amchunguze siku 10. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo ziishe ndipo atibiwe.

Mwaka wa 2014 Kenya ilijiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi tusingoje mtu aumwe. Ulizeni ofisi ya mifugo na chifu wenu siku ya chanjo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Peleka wako, na umkumbushe jirani apeleke wake, kwa maana mbwa wenu hukutana kila siku.