Uyabisi wa Tumbo si Aibu

Chuoni, kitabu cha kwanza cha fikihi tulichosomeshwa kilianza na mlango wa twahara. Mwalimu alitueleza adabu za kwenda haja pasi na kukunja uso, akatufundisha na dua ya kutokea msalani. Walakini tukiisha kuwa watu wazima mambo hayo twayafanya fedheha isiyotajika. Haya hiyo, wasomaji wapenzi, yaweza kumuua mtu.

Nayanena haya baada ya safari ya Homa Bay na Migori. Huko Migori nilizungumza na mama mmoja wa Kiislamu aliyepasuliwa tumbo Nairobi ili apungue mwili. "Mzee wangu," aliniambia, "siku tisa sikupata choo. Daktari mwenyewe kijana wa kiume, ningeanzaje kumwambia?" Alipofikishwa hospitali, tumbo lilikwisha kuwamba kama ngoma. Alinusurika, alhamdulillahi.

Upasuaji huu si wa jana. Mwaka 1966, Edward Mason na Chikashi Ito, madaktari wa Iowa, Marekani, walianza kuligawa tumbo likabaki kifuko kidogo, wakakiunga na utumbo. Njia nyingine hukata kadiri ya robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Wengi hunufaika, hasa wenye ugonjwa wa sukari. Lakini mgonjwa sasa hula vijiko vichache, maji hunywa kidogo, humeza vidonge vya madini ya chuma ili damu isipungue, na pengine hupewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Yote manne hufunga choo.

Yako na madhara mengine: mshono kuvuja, damu kuganda mishipani, vijiwe vya nyongo, na upungufu wa vitamini. Akila halua au kaimati, huenda akatokwa na jasho na kushikwa na kizunguzungu. Na akikosa choo na hata upepo, tumbo likavimba na kuuma, naye anatapika, basi asijitafutie haluli dukani. Huenda utumbo umeziba. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Yuko mtu aliyelichungua jambo hili bila haya: Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, katika nchi za ziwa hilo hilo la Homa Bay. Yeye na wenzake walipima choo kwa mizani, na mwaka 1972 wakatangaza hesabu yao. Wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku. Wanamaji wa Uingereza kiasi cha gramu 100. Chakula cha wanavijiji kilipita mwilini kwa siku moja na nusu. Cha wanamaji kilikawia zaidi ya siku tatu. Tofauti aliiona katika nyuzinyuzi za chakula.

Nyuzinyuzi hizo nilizikuta sokoni Homa Bay: mrenda, ambao Wajaluo huuita apoth, mnavu wanaouita osuga, mgagani wanaouita dek, na unga wa mtama. Sisi wa pwani, wali mweupe na mahamri yametusahaulisha mchicha na kunde. Hata hivyo, aliyepasuliwa asiyavamie majani. Angoje ruhusa ya daktari, aanze na laini, na maji yawe mbele. Nyuzinyuzi bila maji huzidi kuziba.

Maji hayo ayanywe funda kwa funda mchana kutwa, maana kifuko hakichukui bilauri nzima. Ndipo Ramadhani inapokuwa na mashaka. Mgonjwa amwulize daktari wake, kisha shekhe wake, kabla ya mwezi kuandama. Ruhusa ya mgonjwa imo katika dini, wala si unyonge kuitumia.

Enyi jamaa wa mgonjwa, mkishamwuliza amekula nini, mwulizeni pia amepata choo lini. Na wewe mgonjwa, jibu kweli. Wahenga walikwisha sema: mficha uchi hazai.