Sahani Inaporudi Imejaa: Matatizo ya Ulaji na Hatari ya Kujiua

Msichana aketiye mbele ya ugali bila kuugusa huambiwa upesi kwamba anadeka, amelogwa, au ana malaria. Ni kweli kwamba homa, kifua kikuu, VVU na ujauzito huondoa hamu ya kula, na ni wajibu kuvipima kwanza. Lakini vipimo visipoonesha kitu, na sahani ikazidi kurudi imejaa, mhudumu hana budi kuuliza jambo jingine: je, mgonjwa huyu bado anataka kuishi?

Matatizo ya ulaji ni maradhi ya akili, si maringo. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amekonda. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa muda mfupi, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Wapo pia wanaokula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, wakabaki na aibu. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi, na takriban kifo kimoja kati ya vitano vya wagonjwa wake hutokana na kujiua. Wenye bulimia nao wamo hatarini, ingawa uzito wao unaweza kuwa wa kawaida. Mizani isimdanganye mhudumu.

Sababu ni kadhaa. Njaa ya muda mrefu huvuruga fikra na hisia. Aibu humtenga mtu na wenzake. Sonona mara nyingi huandamana na maradhi haya. Na aliyezoea kuutesa mwili wake huweza kupungukiwa na hofu ya maumivu.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti yapo mazingira yanayodai uangalifu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takriban wanawake 28 kati ya 100 mkoani Mara wamekeketwa, ilhali kitaifa ni 8. Msimu wa ukeketaji ufikapo, mara nyingi mwezi Desemba, wasichana hukimbilia nyumba salama ya Mugumu au kituo cha Masanga. Sonona, wasiwasi na kiwewe ni miongoni mwa madhara ya ukeketaji yanayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Aliyekeketwa, au aliyekataliwa na jamaa kwa kuukimbia wembe, akiacha kula huenda hana anoreksia: haogopi unene, bali amepoteza hamu ya chakula na ya maisha. Tofauti hiyo huamua tiba, lakini swali la usalama ni lile lile.

Muulize faraghani, kwa upole na bila kuzunguka: “Umewahi kuona heri usingekuwepo? Umefikiria kujiua? Una mpango?” Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, aghalabu humpa nafuu. Akikubali, asiachwe peke yake. Sumu za shambani na dawa zifungiwe, naye apelekwe hospitali ya wilaya, na ikibidi Musoma au Bugando, Mwanza.

Aliyejinyima chakula siku nyingi asishindiliwe. Kula kingi ghafla hushusha fosfeti katika damu, na moyo unaweza kusimama. Aanze kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa hospitali.

Familia nyingine hunyamaza kwa aibu, au kwa kuogopa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinacholihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mhudumu akumbuke kwamba aliye mbele yake ni mgonjwa, na siri ya mgonjwa ni amana.

Nawe unayesoma haya huku chakula kikikushinda au maisha yakikuelemea, mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na maradhi haya yana tiba.