Raba ikichoka, pinboli inageuka kamari

Kama uliingia saiba enzi za Windows XP na intaneti ikalala, kuna uwezekano mkubwa ulicheza pinboli kabla hujajua inaitwa pinboli. Ni ule mchezo wa Space Cadet: unafyatua goroli, inapanda juu, inagongagonga taa na vigingi, kisha inateremka na wewe unaizuia isizame kwa vibao viwili vya chini. Kibao cha kushoto ni Z, cha kulia ni mkwaju. Mwenye saiba anakwambia dakika zimeisha na wewe bado uko na goroli moja. Noma sana.

Kuna kitu kimoja ambacho Space Cadet haikukuonyesha. Ndani ya kompyuta, raba haizeeki. Goroli ikigonga pale pale kwa kasi ile ile, itaruka vile vile leo na mwaka ujao. Kwa mashine halisi, ile ya mbao, nyaya na kioo juu, mambo ni tofauti. Mashine moja ina makumi ya vipande vya raba. Kila kimoja kinachafuka, kinakauka, kinapasuka, na polepole kinakuibia mchezo wako bila wewe kujua.

Unaweza kuuliza, "Raba tu? Hiyo ni stori ya kuandika?" Ngoja nikwambie kwa nini kuna miji iliyowahi kuharibu mashine hizi kwa nyundo, kisha utaona raba inaingilia wapi.

Ustadi ama bahati?

Pinboli ilikulia Chicago, Marekani. Mwaka wa 1931 kampuni ya Gottlieb ilitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball, ikauzika kama mandazi ya asubuhi. Lakini haikuwa na vibao vya kugonga goroli. Ulikuwa unafyatua, halafu unaomba Mungu. Goroli ikiingia shimo zuri, umeshinda. Ikikosa, pole.

Wakubwa wa miji wakasema hiyo ni kamari inayokula pesa za watoto wa shule. Januari 1942, New York chini ya Meya Fiorello La Guardia ikapiga marufuku pinboli. Polisi walizikusanya mashine na kuzivunja kwa nyundo kubwa, wapiga picha wakiwa hapo. Hata Chicago, kwenye viwanda vyenyewe, mchezo ulikaa miaka mingi ukiwa haramu.

Mwaka wa 1947 mambo yakabadilika. Harry Mabs wa Gottlieb alibuni Humpty Dumpty, mashine ya kwanza yenye vibao vinavyoendeshwa kwa umeme, ambavyo tangu hapo vinaitwa flipa. Ilikuwa na sita. Sasa mchezaji angeweza kuirudisha goroli juu na kuchagua inaenda wapi. Hata hivyo sheria ya New York haikusonga mpaka 1976, mwandishi kijana Roger Sharpe alipoitwa mbele ya madiwani athibitishe kwamba mchezo huu ni wa akili na mikono. Alicheza, kisha akatangaza kwamba goroli atakayofyatua itapita njia ya katikati. Akavuta fimbo, akaachilia, goroli ikapita katikati. Marufuku ikaisha.

Hapo ndipo raba inapoingia. Ncha ya ile fimbo ya kufyatulia kwa kawaida huvaa kofia ndogo ya raba. Flipa nazo zimevalishwa pete nene za raba. Ukitaka kutabiri goroli itaenda wapi, lazima raba iwe inajibu vile vile kila mara. Kofia ikiwa imepasuka upande mmoja, goroli inatoka na kasi tofauti hata ukivuta fimbo kwa kipimo kile kile. Raba ikifa, hoja ya Sharpe inakufa nayo. Mnarudi 1931, kufyatua na kuomba.

Kazi ya kila raba

Goroli ya pinboli ni chuma kitupu, kipenyo cha milimita 27 hivi, uzito wa gramu 80. Si kitu kikubwa, lakini flipa ikiirusha huenda kwa kasi ya kuvunja plastiki. Raba ziko pale kupokea makonde hayo.

Kuna pete za flipa, ambazo ndizo zinazofanya kazi ngumu zaidi. Kuna pete nyembamba zilizonyooshwa kati ya vigingi ili goroli iruke ikizigonga. Kuna manati mbili za pembetatu juu ya flipa. Pete ya manati ina swichi nyuma yake, ambapo goroli ikiisukuma, swichi inagusana, koili inapiga, na goroli inarushwa upande wa pili. Halafu kuna soksi fupi za raba zinazofunika vigingi vya chuma.

Wachezaji wazuri wana mbinu ambazo zinategemea raba moja kwa moja. Kuna ya kuinua flipa na kuishika, goroli ikabembea na kutulia pale ukipanga shabaha. Kuna ya kutofanya kitu kabisa: unaacha goroli idunde kwenye flipa iliyolala, ivuke yenyewe hadi flipa ya pili. Kuna ya kuinua flipa sekunde ile ile goroli inapofika, nguvu zote zikaishia hapo. Raba iliyokauka kama ngozi ya ngoma hairuhusu hata moja. Goroli inadunda ovyo, wewe unajilaumu vidole, kumbe wa kulaumiwa ni pete.

Kinachoua raba

Raba ya asili ina maadui wengi. Mwanga wa jua. Joto la taa za zamani zilizojaa chini na juu ya uwanja. Hewa ya ozoni, ambayo hushambulia raba hasa ikiwa imevutwa. Ndiyo maana utaona nyufa ndogondogo zikianza pale pete ilipokaza kuzunguka kigingi. Mafuta ya vidole nayo yanachangia.

Adui mwingine ni vumbi. Goroli inakwaruza chuma, koili zinatoa unga mweusi, na raba nyeusi zenyewe zinamomonyoka. Uchafu huo unashikamana na raba, raba inateleza, goroli inauokota na kuusambaza uwanjani kama msasa. Rangi ya uwanja inaanza kulika. Rangi hiyo ikiisha, kuirudisha ni kazi ghali sana. Kwa hivyo unaposafisha raba, unaokoa pia ile picha unayoitazama chini ya kioo.

Jinsi ya kusafisha

Hakuna anayekuuliza cheti cha chuo kwa kazi hii. Ni subira tu.

Zima mashine na uchomoe waya ukutani. Koili za flipa kwenye mashine nyingi za kisasa zinatumia karibu volti 50, na mle ndani kuna umeme wa ukutani pia. Si mahali pa kuchezea.

Fungua mlango wa sarafu. Ndani kuna lever inayoachilia ule mhimili wa chuma wa mbele. Ukishautoa, kioo kinateleza kuja kwako. Kishike kwa mikono miwili na ukiweke juu ya zulia au blanketi. Ni kioo cha aina ya dirisha la ubavuni la gari: kina nguvu bapa, lakini ukigongesha ukingo wake kwenye sakafu ya vigae, utaokota punje za kioo hadi Krismasi.

Toa goroli zote kabla ya kuinua uwanja. Ukisahau, zitaporomoka na kuvunja kitu.

Piga picha. Kabla hujafungua skrubu hata moja, piga picha kila pembe. Simu yako iko na kamera, itumie. Baada ya saa mbili, ukiwa na plastiki nane na skrubu ishirini mezani, zile picha ndizo zitakuambia nini kilikuwa wapi.

Anza na vumbi kavu. Livute kwa mashine ya kuvuta vumbi au litoe kwa brashi laini. Usimwage maji.

Sasa raba. Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilowanishe kidogo kwa alkoholi ya isopropili, ile ambayo mafundi wa simu hutumia kusafisha bodi. Soma lebo vizuri, maana spiriti nyingine za dukani zimechanganywa na mafuta. Bana pete ndani ya kitambaa na uizungushe. Utaona weusi ukitoka. Geuza kitambaa na urudie hadi kitoke safi. Kazi hii ifanye raba ikiwa imetolewa, kwa sababu alkoholi inaweza kuharibu rangi ya viwanja vya zamani na kuzipasua baadhi ya plastiki.

Ukiwa hapo, futa vigingi na ile mifereji ya flipa ambamo pete inakaa. Raba safi juu ya kigingi kichafu ni kama kuvaa soksi mpya ndani ya kiatu cha matope.

Kisha zifute goroli na uzikague chini ya taa. Yenye mikwaruzo au kutu haifai kurudi ndani. Itafanya kazi ya tupa, na uwanja wote utaumia.

Mambo ya kuepuka: petroli, mafuta ya kulainishia vyuma, na zile dawa za kung'arisha dashibodi. Mafuta ya petroli yanaifanya raba ya asili ivimbe na kulegea, na yanavuta vumbi zaidi. Raba ikimeremeta kwa mafuta, goroli itateleza juu yake na mchezo utakuwa wa ajabu.

Kusafisha hakufufui wafu

Kuna wakati kitambaa hakisaidii. Ivute pete kidogo. Ukiona nyufa, imekwisha. Ibonyeze kwa ukucha. Kama ni ngumu na hairudi, imekwisha. Pete ya flipa ikiwa na bonde pale goroli inapogonga sana, unaweza kuizungusha ili sehemu nzima ifanye kazi, lakini hiyo ni kununua muda tu.

Unaponunua mpya, una machaguo. Raba nyeupe ya asili inadunda vizuri, ila inaonyesha uchafu haraka. Nyeusi ni ngumu zaidi kidogo, inaficha uchafu, lakini inamwaga vumbi jeusi. Siku hizi kuna za silikoni na za poliyurethani. Hizo zinadumu, hazimomonyoki hivyo, na kusafishika ni rahisi. Wachezaji wengine wanapenda vile zinavyodunda, wengine wanasema si kama raba ya kitambo. Huo mjadala hautaisha leo.

Kinachojalisha ni saizi. Pete hupimwa kipenyo cha ndani, na inafaa ivutike kidogo tu ikikaa. Ikikaza sana inapinda vigingi na kuzeeka haraka, ikilegea goroli inazama ndani yake na kufa. Ukibadilisha pete za manati, kagua pengo la swichi nyuma yake. Pete mpya iliyokaza inaweza kuisukuma swichi igusane muda wote, au ikae mbali hadi goroli isiiamshe.

Usingoje zife zote. Mashine ikichezwa sana, ifute baada ya michezo mia kadhaa. Ukiona vumbi jeusi limechora njia ya goroli uwanjani, umeshachelewa kidogo.

Na sisi huku?

Najua. Mtaani kwetu pinboli ni nadra, na mashine mpya kutoka Marekani inauzwa maelfu ya dola. Lakini angalia meza ya pool unayochezea wikendi. Kuta zake zina raba chini ya kitambaa, na ndizo zinazoamua mpira utarudi kwa pembe gani. Angalia pedi ya PlayStation ya pale kwa gemu, vile raba ndogo chini ya vibonye zimeshikana soda na jasho la mtaa mzima. Unabonyeza pasi, inatoka shuti iliyochelewa. Jamaa mliyeshindana naye anakucheka na pesa imeenda.

Kizazi chetu kimezoea kuambiwa kwamba mambo ni bahati. Simu imejaa vitufe vya kubeti vinavyokuahidi kwamba leo ndiyo siku yako. Pinboli ilipigana zaidi ya miaka 30 kuthibitisha kinyume chake, kwamba kuna michezo ambayo mkono uliofunzwa unashinda. Ila mkono hauwezi kushinda peke yake. Unahitaji kifaa kinachosema ukweli, na kifaa kinasema ukweli kikitunzwa na mtu fulani ambaye hakuna anayemshangilia.

Kwa hivyo ukienda kucheza na ukaona goroli, mpira au pedi inajibu ajabu, kabla ya kusema una mkosi, uliza mwenye mashine swali moja: hizi raba zilisafishwa lini?